Kiingereza cha Kuombea Biskuti

Bosi mpya alipotangaza kwamba kuanzia mwezi ujao kikao cha Jumatatu kitaendeshwa kwa Kiingereza, mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Si kwamba nilifurahi. Jambo lenyewe alilitangaza kwa Kiingereza, nami nilidhani anaaga.

Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la vipuri vya magari pale Gerezani, mwaka wa 11 huu. Kiingereza changu ni kile ambacho Watanzania tumekwisha kukipa jina: cha kuombea maji. Maana yake, ukinitupa London sifi kwa kiu. Njaa ndiyo itakayoniua, kwa sababu masomo yangu hayakufika kwenye chakula.

Bosi huyu ametoka Nairobi. Na sijui kwa nini, ila Mtanzania akimsikia Mkenya anaanza kuongea Kiingereza, hata kama anauliza choo kiko wapi, mabega yanashuka yenyewe. Wenzetu Kiingereza wamekiweka mfukoni pamoja na chenji. Sisi tumekifungia kabatini na vyombo vya wageni, na mgeni akija ndipo tunakumbuka kwamba ufunguo ulipotea.

Nikaamua kujifunza kuongea, na nikaamua kujifunza peke yangu. Kozi za jioni zipo, sikatai. Moja iko karibu na kituo ninachoshukia, ina bango kubwa: LEARN TO SPEAK ENGLISH FLUENT IN 3 MONTH. Hata mimi wa kuombea maji niliona kuna 's' imepotea pale, na sikutaka kulipa ada ili nikaitafute.

Lakini sababu kubwa ni watu. Mswahili ana huruma kwa kila kiumbe isipokuwa Mswahili mwenzake anayejaribu Kiingereza. Mzungu akishuka kwenye ndege akasema 'mimi nataka kula wewe chakula', tutamshangilia, tutamwita shemeji, tutamwongezea na mnofu: anajitahidi huyo! Mwenzetu akikosea wakati uliopita, kwisha habari yake. Kidato cha pili tulikuwa na mwenzetu aliyesimama darasani akasema 'Yesterday I will go to Morogoro.' Sentensi moja tu. Mwalimu alicheka, sisi tukagaragara, na mpaka leo mtu mzima yule, mwenye wajukuu na shamba la mikorosho, anaitwa Yestade. Wajukuu wanamwita Babu Yestade. Wanadhani ni jina la ukoo.

Na hatukujitakia. Tangu 1967 shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, sekondari ikabaki na Kiingereza chake. Kwa hiyo miaka 7 unaambiwa mmea unajitengenezea chakula kwa usanisinuru, unaelewa, unafaulu. Januari unaingia kidato cha kwanza na sare inayonukia dukani, unakuta kazi ileile ya mmea uleule inaitwa 'photosynthesis' na wewe ndiye mgeni. Tulikariri. Tulisoma Hawa the Bus Driver mpaka karatasi zikalegea, tukajibu maswali, tukapata alama. Hakuna aliyetuambia tufungue mdomo tumsalimie huyo Hawa. Mtihani ulikuwa wa kalamu, mdomo ulikuwa wa uji. Mwalimu Nyerere alimvusha Shakespeare akamleta upande wetu, Mabepari wa Venisi ikachapishwa 1969. Laiti angeacha na mtu wa kutuvusha sisi kwenda upande wa pili.

Nilianza na programu ya simu ambayo mpwa wangu aliisifia sana. Kwa siku 12 mfululizo iliniuliza tembo anakunywa nini. Stoo yangu haina tembo. Bando likaisha tukiwa bado kwenye maziwa yake.

Filamu nazo nilijaribu, kwa kuwa kila mtu anasema tazama filamu. Kibanda umiza cha mtaani kwetu hakikosi za Marekani, ila zote zimetafsiriwa: mwigizaji akifungua tu kinywa, mtafsiri ameshamruka na kuanza kuongea juu yake. Kwa saa 2 nimemtazama jasusi wa Marekani akimwaga Kiswahili cha Manzese. Nilitoka na misemo mipya mitatu, yote ya Kiswahili, na mmoja siwezi kuuandika hapa.

Redio ndiyo iliyonishika. Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi kwa ajili ya watu wa aina yangu: maneno kama 1,500 tu, sentensi fupi, msomaji akienda taratibu, kiasi cha theluthi mbili ya mwendo wa kawaida. Rekodi za namna hiyo zimejaa kwenye intaneti. Na usisikilize tu. Unamfuatisha msomaji papo hapo, neno kwa neno, yeye hajamaliza wewe umeshaanza, kama mtoto anayemkanyaga mama yake visigino sokoni. Nimefanya hivyo kila alfajiri kabla ya kazi, na sitakuwa mwizi wa fadhila: imenisaidia. Sasa naweza kumaliza sentensi bila kusimama katikati kuomba dua. Tatizo ni mwendo. Nimejifunza kwa msomaji wa polepole, basi nami naongea Kiingereza kama redio inayotangaza tanzia. Asubuhi ya kwanza nilipomwambia mke wangu 'Good... morning... my... wife', alishika kifua akauliza nani amefariki.

Mke wangu ana sharti moja tu katika mradi huu. Kuongea niongee, ila siku nikitaka kugombana nigombane kwa Kiswahili, kwa sababu na yeye anataka kujibu.

Halafu kuna sauti zenyewe. Kiswahili kina irabu 5, zinaandikwa 5, zinatamkwa 5, kila moja na chumba chake. Waingereza nao wana herufi 5 zilezile, lakini ukihesabu sauti zinazolala humo, kwa matamshi yao ya kwao Uingereza, zinafika 20 hivi. Ni nyumba ya kupanga ya uswahilini: vyumba 5, wapangaji 20, choo kimoja. Mimi masikio yangu hayajazoea msongamano huo. 'Hat', 'hut' na 'heart' kwangu ni neno moja. Kofia, kibanda na moyo vyote nimevipanga rafu moja, kwa hiyo wimbo wowote wa mapenzi wa Kizungu naufuatilia kama habari ya kibanda kilichovunjwa.

Nikashauriwa nijirekodi, nikajirekodi. Niliposikiliza sikumtambua anayeongea, ila nilimwonea huruma. Kila neno alikuwa amelifungia irabu mkiani: 'gudi', 'buku', 'helpu'. Nikajitetea kwamba ndiyo desturi ya nyumbani. Kiswahili hakipendi neno litoke nje na konsonanti tupu mwishoni, kama mtu aliyesahau viatu. Benki ilipofika tuliivalisha i, timu tukaivalisha u, na hakuna aliyelalamika. Mkazo ndio sikuwa na la kujitetea. Mkazo wetu umepanga silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo utaukuta mchana na usiku. Wa kwao ni machinga. Kwenye 'photograph' umetandaza bidhaa mwanzoni kabisa. Ukifika 'photographer' umehamia silabi ya pili. 'Photographic' uko ya tatu, na wewe bado unauulizia pale ulipouacha.

Ipo pia mbinu inayoitwa nne-tatu-mbili. Unasimulia kisa kimoja kwa dakika 4, halafu kilekile kwa dakika 3, halafu kwa 2, kila mara kwa msikilizaji mwingine. Ulimi unachangamka kwa sababu maneno ulishayatafuta mara ya kwanza, safari hii unayaokota tu. Mbinu nzuri, naisifu mbele ya watu. Ila inadai wasikilizaji 3, na wasikilizaji wa nchi hii nimeshakueleza habari zao. Nikamtumia jogoo wa mama mwenye nyumba, jekundu moja lililofungwa kamba mguuni nyuma ya bafu, hivyo halina pa kukimbilia. Nilimsimulia jinsi basi letu lilivyoharibika Korogwe. Dakika 4 zilikwisha tukiwa bado stendi ya Mbezi tunapakia mizigo. Kwa dakika 3 tulifika Chalinze. Mara ya tatu, ndani ya dakika 2, basi liliharibika, likatengenezwa, tukala ugali, tukaondoka, na jogoo akafumba macho kwa kuridhika.

Kwenye daladala nilikuwa nafanya zoezi la kuwaza kwa Kiingereza. Unaeleza moyoni kila unachokiona: 'I am sitting. No, I am standing. A man is standing on me.' Hilo nalo ni zoezi zuri mpaka siku nilipotafuta neno la 'shusha' kwa Kiingereza. Nililipata Mtoni kwa Aziz Ali, wakati mimi nashuka Tandika.

Sasa mama mwenye nyumba. Yeye ni wa Tanga, mtu wa mwambao hasa, Kiingereza hajui hata cha kuombea chumvi. Lakini ile 'th' inayonitoa jasho mimi anayo tangu azaliwe. Sauti za 'think' na 'this' mtu wa pwani anazikuta kwenye thelathini na dhahabu. Kiarabu kilizileta kabla hata Mwingereza hajafungua kamusi hapa. Sisi wa bara ndio tunaohesabu selasini na kuvaa zahabu. Siku moja nilimwomba aseme 'thank you very much' baada yangu. Alisema huku anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa, nikahisi kama marehemu Malkia Elizabeth anakatiza uani kwetu.

Wivu ukanipanda. Nikaanza mazoezi ya kioo: ulimi katikati ya meno, pumzi nje, 'dhe, dhe, dhe, tha, tha, tha'. Nilikuwa nafanya usiku, watu wametulia, macho nimefumba ili nisijione.

Hebu uwe wewe ndiye mama mwenye nyumba. Mpangaji wako wa miaka 6, mtu mpole, anayelipa umeme bila ugomvi, ameanza kuongea peke yake alfajiri. Mchana umemkuta nyuma ya bafu anamsimulia jogoo wako jambo kwa lugha ya kigeni, mara 3 mfululizo, akitazama saa. Usiku anahema dirishani kwa sauti ambazo hazimo kwenye dua yoyote. Kwao Tanga hilo halina utata. Mapepo yana makabila yake, na miongoni mwao yuko pepo wa Kizungu. Anajulikana, na ana masharti yake.

Alhamisi moja mke wangu alikuwa msibani Mbagala. Mimi nimekaa kitandani, hedifoni masikioni, macho nimefumba, namfuatisha msomaji somo la 6: mgahawani. Mama mwenye nyumba akaingia na chetezo, ubani unafuka, nyuma yake majirani wawili. Sikusikia hodi, sikusikia kitu. Haya nimesimuliwa baadaye na jirani ambaye hakukimbia.

Mama mwenye nyumba akasimama katikati ya chumba, akauliza kwa adabu: "Ewe mgeni, umetoka wapi?"

Nami, kwa ile sauti yangu ya tanzia, nikasema: 'I... am... from... London.'

Hapo ndipo jirani mwingine alipokimbia.

"Tumekukosea nini? Unataka nini kwa mwanetu?"

'A cup of tea, please,' nikasema. 'And... some... biscuits.'

Kiingereza hawajui, lakini London na biskuti hazihitaji mkalimani. Harufu ya ubani ndiyo iliyonifumbua macho. Nikamkuta mama mwenye nyumba amekaa kitako sakafuni, kanga imemlegea kichwani, uso umejaa nafuu.

"Biskuti tu?" akasema. "Tutaleta, baba. Wenzio huwa wanataka mbuzi."

Jumatatu ya kikao ikafika, nami nilikuwa nimejiandaa hasa. Mazungumzo yote nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari na kuyafanyia mazoezi siku 9, pande zote mbili: mimi nikiwa mimi, na mimi nikiwa bosi. Tulielewana sana. Nilimsalimia, akajibu, akauliza stoo ikoje, nikamweleza, akakisifia Kiingereza changu, nikakataa kwa unyenyekevu. Kujifunza peke yako kuna starehe hiyo, mwenzako wa kuongea naye hana swali usilolijua.

Bosi wa kweli daftari langu hakulisoma. Nilisema 'How are you, madam?' nikasubiri 'I am fine, thank you, and you?', ambayo tangu shule ya msingi ndiyo sheria. Akasema 'Can't complain.' Sasa hapo mtu anapita wapi? Nikatafuta haraka kichwani: 'complain' ni kulalamika. Mama wa watu anataka kulalamika, hawezi. Nikamwambia 'Sorry, madam.'

Akanitazama kidogo, akaendelea: 'What's the story with the shocks?'

'Story' naijua, ni hadithi. 'Shock' naijua pia, ni ya umeme. Nikamjibu kwa uhakika kwamba hadithi hakuna, umeme uko salama, fundi alikuja Ijumaa.

Hapa lazima niwatetee watu wa vipuri. Miaka 11 tumekuwa tukiongea Kiingereza kutwa bila kujijua: tairodi, boljointi, rejeta, klachi, beringi. Vyote vilishuka bandarini na majina ya Kizungu, vikapita mikononi mwa mafundi, vikatoka vimeoga na kubadilishwa nguo. Kwenye leja yangu kuna kipuri kinachozuia gari lisiruke mashimoni, kinaitwa shokamzoba, na sikuwahi kumuuliza mtu baba yake nani. Bosi alipofafanua, 'shock absorbers', nikamwona mtoto na baba yake kwa mara ya kwanza wamesimama pamoja. Furaha ikanipanda, nikainuka kwenye kiti: 'Aaa! Shokamzoba! Shokamzoba forty-two, madam!'

Dereva wa mizigo alicheka mpaka akatoka nje kupumua. Tangu saa 3 asubuhi ya siku ile naitwa Shokamzoba, hata na wateja. Nikikutana na Babu Yestade nitamwomba radhi.

Ambaye hakucheka ni bosi. Alikuwa anaandika. Akaniuliza kama shokamzoba ina 's' au 'z', nikamwelekeza, akaandika kwenye daftari lake, akapigia mstari. Kisha wakati wa kufunga kikao akasimama, akakohoa, akasema taratibu, kwa sauti ninayoifahamu vizuri, sauti ya mtu aliyejifanyia mazoezi mbele ya kioo: "Asanteni sana, na mnisamehe, Kiswahili yangu iko chini."

Kiswahili yangu. Iko. Nilisikia ngeli zinadondoka sakafuni kama vikombe. Na wenzangu, walewale, na dereva yuleyule ambaye machozi hayajamkauka, wakampigia makofi.

"Anajitahidi!" wakasema. "Safi sana, madam!"

Nyumbani kumetulia. Nilijaribu kumweleza mama mwenye nyumba ukweli. Nilimwonyesha simu, nikamvalisha hedifoni, nikamfungulia somo lenyewe asikie. Alisikiliza kwa upole mpaka mwisho, akanirudishia vitu vyangu, akasema ndivyo wasemavyo wote, mwenye pepo huwa hajijui. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa anakuja na sahani ya biskuti na kikombe cha chai ya maziwa, kwa kuwa ameamua kwamba mtu wa London hanywi ya rangi. Anaviweka mlangoni na kuondoka kinyumenyume. Kodi ya mwezi uliopita ilichelewa wiki 2. Zamani sauti yake ingenifuata mpaka kituoni. Safari hii aligonga taratibu, akauliza kama mgeni yupo. Nikasema yupo. Akasema basi, atapita siku nyingine.

Mke wangu, aliyeapa kwamba hatashiriki ujinga huu, anachovya biskuti zangu bila aibu na kuniuliza nimefika somo la ngapi. Nimefika la 8. Ni mgahawa tena, ila huu ni mkubwa, wenye vitambaa mezani, na mteja anaagiza kuku mzima wa kuchoma. Nalifanyia mazoezi kila jioni, kwa sauti, karibu na dirisha. Jogoo ameacha kunisikiliza.